Nilivyomlisha Mbuzi Kihamba cha Watu

Wajukuu zangu mnanicheka. Mkinipa barua nipeleke posta, naichungulia kwanza, naipapasa, naitikisa, ndipo naifunga. Mnasema bibi ana umbea. Umbea ninao, sikatai, lakini hiyo siyo sababu. Sababu ni mbuzi. Kaeni niwaambie, na yule aliyeajiriwa juzi kupiga taipu ofisini asikilize kuliko wote, maana kazi yake ni mtoto wa kazi yangu.

Niliandika barua za watu miaka ishirini na kitu, wakati wa Mwingereza, na darasani nilikaa miaka mitatu tu. Ilikuwa shule ya misheni ya Kikatoliki, kwetu Taita, ng'ambo ya mpaka. Mwaka wa nne baba akasema inatosha. Msichana akishaweza kusoma kitabu cha sala anataka nini tena? Mimi nilitaka kuona treni inaishia wapi.

Treni ya kutoka Voi siku zile ilikuwa inaishia Moshi. Na Salimu, babu yenu, alikuwa kijana wa Moshi, dereva wa lori la Mhindi mmoja. Mama yake Mmanyema, na ukoo wa baba yake hata yeye hakuweza kuueleza bila kukunja vidole. Alikuja Voi kupokea vipuri vya lori, akakaa siku nne, akaondoka na vipuri na mimi. Ndiyo, nilitoroka. Msinitolee macho. Nikasilimu, nikaolewa, nikaitwa Zuhura. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Akatuma neno kwa msafiri: "Mwambieni huyo mama wa Moshi kwamba mimi sina binti Moshi."

Hayo tu. Miaka tisa sikusikia lingine. Nikawa naandikia baba za watu wote isipokuwa wangu.

Kazi nilifundishwa na Bwana Yohana, Mnyasa mmoja, karani mstaafu, aliyekuwa na meza yake barazani sokoni. Nilikuwa namuuzia uji asubuhi. Siku moja nikamkuta ameshika barua ya mteja, ameisogeza mpaka inagusa pua, haoni kitu. Nikaisoma pale pale begani kwake. Mteja akaguna: "Mwanamke anasoma?" Bwana Yohana akamjibu, "Anasoma, na uji anapika. Wewe unaweza kipi?" Tangu siku hiyo macho yakawa yangu na akili ikawa yake.

Mzee yule alikuwa na sheria nyingi kuliko serikali. Wino wa unga usiukoroge na maji ya mfereji, utaacha mchanga kwenye nibu. Usimwandikie mtu akiwa amelewa, mwambie arudi kesho. Ukimaliza, msomee kwa sauti mpaka akubali kwa kichwa. Usipambe maneno ya mtu. Usipojua neno, uliza. Na kubwa kuliko zote: mwenye barua ashuhudie bahasha inavyofungwa.

Mimi nilianza kwa kuvunja ile ya kutopamba. Alikuja mzee mmoja wa Sanya Juu aliyekuwa akifanya kazi mjini. Akasema, "Mwandikie mke wangu, ng'ombe akizaa anijulishe." Nikaona ni makavu mno. Nikaongeza "mpenzi wa moyo wangu" na "usiku siupati usingizi nikikukumbuka." Wiki iliyofuata mama wa watu akateremka kutoka Sanya Juu na jembe begani.

"Nani amemfundisha mume wangu maneno haya?" akauliza sokoni kwa sauti ya kengele. "Miaka kumi na minne nimekaa naye hayajui! Anionyeshe huyo mwanamke!"

Huyo mwanamke alikuwa nyuma ya gunia la maharage, amechuchumaa. Bwana Yohana alipomtuliza yule mama, akanigeukia. "Zuhura, barua si yako. Wewe ni mfereji. Maji ni ya watu."

Bwana Yohana alipofariki, meza ikabaki kwangu. Lakini sikukaa mezani. Salimu alikuwa anapeleka bidhaa kwenye masoko ya mlimani na tambarare, nami nikapanda naye: sanduku la chai ndiyo meza, kidau cha wino nimekifunga kwa kitambaa, mtoto mgongoni, Hamisi wangu wa kwanza mguuni. Siku ya soko Himo, siku ya soko Sanya Juu. Watu walilipa walichonacho, mayai, ndizi, kuku mwenye hasira. Halima, shangazi yenu huyu mnayemwona anajishaua, alizaliwa juu ya magunia ya mahindi njiani kwenda Sanya Juu. Salimu alisimamisha lori akakimbia kuita wanawake, akarudi nao nikiwa nimeshamaliza. Akasema, "Ungesubiri kidogo." Mpaka leo sijamsamehe kwa hilo neno.

Basi nilikuwa na jina. Watu walisema mama wa mtaa wa Njoro mwenye sanduku, mwandiko wake kama umechapwa. Na jina likikupanda kichwani, masikio huziba. Hapo ndipo mbuzi anapoingia.

Halima alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa nimeketi sokoni Moshi, akaja kijana wa Kilema aitwaye Aloisi, kibarua wa shamba la mkonge huku chini, pamoja na mkewe Paulina. Tumbo la Paulina lilikuwa limemtangulia hatua mbili.

"Mama Hamisi," Aloisi akasema, "nataka barua kwa baba yangu, Mzee Matei. Lakini iandike kwa heshima. Amenifukuza."

"Umefanya nini?"

"Nimekata migomba."

Nikacheka. Mgomba ukikatwa si unaota mwingine? Paulina akanikazia jicho. "Usicheke, mama. Baba mkwe alikwenda Misa. Aliporudi akakuta uwanja. Huyu hapa amefyeka migomba yote ya juu ya mfereji, hata ile iliyokuwa inafunika kaburi la babu. Amepanda kahawa."

Siku hizo kahawa ilikuwa imewaingia vijana kichwani. Kila mmoja aliona utajiri kwenye miche. Lakini kihamba cha Mchaga si shamba tu la kulima utakavyo. Ni migomba ya babu, kaburi la babu, nyumba, ng'ombe, vyote mahali pamoja, na baba ndiye mwenye neno. Mzee Matei alimwambia mwanawe asikanyage tena pale, na alikuwa ameshaita wazee wa ukoo. Jumapili tatu mbele, baada ya Misa, angewatangazia kwamba kihamba kinakwenda kwa mtoto wa ndugu yake.

Na Paulina alikuwa amebakiza kama mwezi mmoja. Mtoto wa kwanza kwao huzaliwa kihambani, mama mkwe ndiye anayemlea mzazi, miezi mitatu hagusi jembe, analishwa nyama na mtori na maziwa. Bila msamaha, angejifungulia kambi ya mkonge, kwenye chumba cha bati wanacholala watu saba.

"Haya, sema," nikamwambia Aloisi, nikichovya kalamu.

"Andika: Baba, shikamoo. Nimekosa. Ninakuletea sale, lipokee. Mimi mwanao Aloisi."

"Hayo tu?"

"Hayo yanatosha."

Sale ni nini? Sikujua. Na sikuuliza, watoto wangu. Miaka tisa nimekaa chini ya mlima huu, watu wananiita bingwa, nitauliza vipi neno dogo kama hilo mbele ya wateja sita wanaosubiri? Nikaliandika kwa mwandiko mzuri kuliko maneno mengine yote.

Aloisi akatoa kwenye shati lake jani refu la kijani, amelifunga fundo, amelitunza kwenye kitambaa chenye maji. Akaliweka katikati ya karatasi, akakunja, akanipa. Nilitakiwa kuifunga bahasha mbele yake. Lakini gari la kambi lilikuwa linapiga honi, Paulina hawezi kukimbia, nikasema, "Nendeni, nendeni, nitafunga mwenyewe."

Walipokwenda nikaifungua nione kama wino umekauka. Heh! Jani limetoa maji. Neno "nimekosa" limekuwa doa. Nikasema moyoni, wanaume hawa, huyu anaweka jani la kufungia tumbaku kwenye barua ya heshima. Nikalitupa nyuma ya bega. Nyuma yangu alikuwepo mbuzi wa mama muuza vyungu. Nikasikia tu kru, kru, kru. Nikachukua karatasi mpya, nikaandika upya, safi, hakuna hata nukta ya uchafu. Nikafunga, nikapeleka posta, nikajisifu njia nzima.

Siku ya tisa Aloisi akarudi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kuzika.

"Mama Hamisi, lile sale uliliweka?"

Sasa nikajua ni lile jani. Nikajua kwa jinsi alivyolitaja.

Akanieleza kama alivyosikia kwa mtu wa kwao. Mzee Matei hakujua kusoma. Barua ilifika misheni, na katekista akaisoma nje ya kanisa baada ya Misa, watu wamejaa. Aliposoma "ninakuletea sale", mzee akanyoosha mkono. Katekista akachungulia bahasha. Akaitikisa. Akaigeuza juu chini. Hakuna. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Kwa Wachaga, mtu akikukosea sana anakuletea sale, na ukishaletewa ni lazima usamehe. Kumwambia mzee nakuletea sale halafu huleti ni kumtemea mate mbele ya watu. Mzee Matei alisema, "Alikata migomba yangu, sasa anakata na uso wangu," akaenda zake.

"Uliliweka?" Aloisi akarudia.

Nami nikajibu, "Huenda liliangukia posta."

Nilidanganya. Nalisema hapa ili lisikike. Nilimwangalia usoni nikadanganya, kwa sababu niliogopa kwamba nikisema kweli sitaandika tena barua hata moja Moshi nzima. Paulina, aliyekuja naye, alikuwa ameketi chini, miguu imevimba, akasema: "Basi mwanangu atazaliwa kambini."

Nikafunga sanduku kabla ya adhuhuri, nikaenda nyumbani. Salimu alikuwa anakula. Nikamweleza yote. Akaacha kutafuna.

"Zuhura, umemlisha mbuzi kihamba cha mtu."

"Najua."

"Wewe baba yako alikukana mwenyewe, hakuna jani lililopotea. Huyu kijana amekanwa kwa sababu yako." Akavuta maji akanawa. "Kesho napeleka mabati Himo. Panda."

Asubuhi tulipitia kambini kwanza. Nikamwambia Aloisi usoni, "Posta haina kosa. Mimi nilitupa sale lako, mbuzi akalila." Akainua mkono. Nikasimama tu, nilistahili. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka wenyewe.

Paulina ndiye aliyesema. "Sisi tukipanda bila kuitwa tunaongeza kosa. Sale hupelekwa na mtu wa kati. Nenda wewe, mama. Ukifika kule juu, chuma jani moja, lifunge fundo. Yapo kila mahali."

Kutoka Himo nilipanda kwa miguu, Halima mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo unateleza, nilianguka mara mbili, mara ya tatu nikatambaa. Nilipokaribia kwa Mzee Matei nikayaona masale yenyewe, yamepandwa kwenye mstari, marefu, yanang'aa. Paulina alisema jani moja. Lakini nikawaza, kosa langu ni kubwa, jani moja litatosha wapi? Nikalishika shina zima kwa mikono miwili, nikavuta, nikalitoa na mizizi yake.

Nikafika uani nimeshika ule mti kama bendera.

"Hodi! Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina," akajibu mzee mmoja mwembamba aliyekuwa anakatakata shina la mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Akainua macho, akauona mtandio wangu. "Wewe ni Mswahili wa mjini. Nani amekufundisha salamu hiyo?"

"Baba yangu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi. Mimi ndiye mwandishi wa ile barua."

Panga likasimama. Nikapiga magoti kwenye tope lile lile, nikasema yote bila kupumua, kwamba Aloisi alilileta sale, amelifunga kwa mikono yake, na mimi mgeni nisiyejua kitu nililitupa, mbuzi akala, na aibu aliyoipata kanisani ni yangu, si ya mwanawe. Nikamnyooshea mti wangu. "Hili hapa. Lipokee."

Hakulipokea. Alilitazama kuanzia majani mpaka mizizi, udongo unadondoka.

"Umelitoa wapi hili?"

"Pale chini, mzee. Kwenye ule ua."

"Ua?" Sauti ikapanda. "Mwanamke! Ule ni mpaka! Mpaka wangu na wa ndugu yangu! Baba yetu aliupanda kwa mkono wake!"

Nikatamani ardhi inimeze na Halima wangu. Kumbe masale ndiyo alama ya mpaka, asiyejua ni mimi peke yangu mlima mzima. Kisha ndani ya nyumba nikasikia mtu anakoroma, nikadhani mgonjwa. Hapana. Alikuwa mama yake Aloisi, anacheka, amejiziba mdomo kwa kanga, hawezi.

"Unacheka nini?" mzee akamfokea.

"Nakucheka wewe, Baba Aloisi! Mtoto wako amekata migomba. Karani wake amemlisha mbuzi sale. Na sasa karani amekung'olea mpaka. Waache kule kule chini, kila wiki watakuletea jingine. Ni heri uwarudishe uwaone kwa macho!"

Mzee akajikaza. Mdomo ukamsaliti pembeni. Akaweka panga chini, akalipokea sale kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Limeshafika," akasema. "Likifika halirudi. Mwambieni aje, na mkewe aje, kabla ya ile Jumapili. Wazee watakuja, watakunywa mbege yao na kurudi walikotoka." Kisha akanigeukia. "Na wewe nyanyuka. Shina hili unalirudisha ulikolitoa."

Tukateremka wote watatu. Mimi nachimba kwa mikono, yeye ameshika mti. "Kushoto. Kushoto zaidi! Umempa ndugu yangu hatua nzima ya ardhi yangu. Hapo. Shindilia." Pumzi niliyoishusha pale, watoto wangu, ilikuwa imekaa kifuani tangu sokoni. Mama Aloisi akaniletea maziwa ya mgando, maana mbege, pombe yao ya ndizi, alijua sinywi, nikanywa kibuyu kizima nimekaa kwenye tope, Halima naye anashangaa.

Nilipoaga, mzee akaniuliza, "Huyo baba yako aliyekufundisha salamu, yuko wapi?"

"Taita."

"Anajua una mtoto huyu?"

Nikamfunga Halima upya mgongoni. Na nyumbani walikuwepo wengine wawili asiowajua. Mzee Matei akainama kwenye lile shina tulilolipanda, akakata jani moja, akalifunga fundo, akaniwekea mkononi.

"Hili usimpe mbuzi."

Paulina alijifungua kihambani siku chache baada ya ile Jumapili, mtoto wa kike, akapewa jina la bibi yake aliyecheka. Kahawa ya Aloisi haikung'olewa. Mzee alipanda migomba upya katikati yake, na mpaka leo ile kahawa inakua kivulini, inazaa vizuri kuliko ya majirani. Sokoni wateja hawakunikimbia kama nilivyoogopa. Waliongezeka, ila kila mmoja alisimama hapo hapo mpaka bahasha ifungwe, na kabla ya kuondoka aliuliza, "Mama, mbuzi yuko wapi leo?"

Mimi nilikaa mezani kwangu, nikachukua karatasi. Maelfu ya barua nimeandika, hiyo ndiyo iliyonishinda. Mwishowe nikafanya kama Aloisi. Baba, shikamoo. Nimekosa kuondoka bila kuaga. Mume wangu ni mtu mwema. Watoto ni watatu. Ninakuletea sale, lipokee. Nikaliweka jani ndani. Nikachungulia, nikapapasa, nikatikisa, nikafunga. Baba Mtaita atajua nini habari za sale? Sikueleza. Nilisahau.

Mwezi mzima ukapita. Nikaacha kwenda kuuliza posta. Akaenda Salimu, akarudi anapiga honi kuanzia mwanzo wa mtaa, bahasha dirishani. Baba alikuwa amemtuma mwalimu wa shule amwandikie. Ninayo bado, iko chini ya godoro, mkitaka mtaiona. Inasema hivi:

"Barua nimepata. Ndani yake kulikuwa na jani. Sikujua ni la nini, nikampa mbuzi. Panda treni uje na watoto."